Pete ya Maabara

Karatasi ilikuwa imelazwa juu ya usukani, na Sajenti Selestina alikuwa anaisoma kwa mara ya tano tangu atoke Musoma. Maelezo ya mtuhumiwa yalikuwa mafupi kama ya mtu anayemtuma mtoto gengeni.

Unaijua pete ya maabara?

Naijua.

Ilikuuma?

Kidogo.

Ulimwambia marehemu?

Nilimwambia.

Akasemaje?

Akasema itarekebishwa.

Chini yake Inspekta Boniphace alikuwa amepiga mstari mwekundu na kuandika neno moja kwa mkono wake: Wivu.

Mtuhumiwa ni Dorah, fundi cherehani wa Nyasura, hapa hapa Bunda. Marehemu ni Revocatus, fundi wa injini za mitumbwi, mchumba wake. Harusi ilikuwa ifungwe wiki ijayo. Jumatatu saa kumi jioni, kinamama wanaoanika dagaa walimkuta Revocatus amelala kwenye mawe nyuma ya karakana yake, kule mtaa wa Nyasho, Musoma, kisogo kimepasuka, mwili umeshaanza kupoa. Mfukoni hakuwa na simu. Simu iliokotwa kesho yake kwenye matete, na juu ya kioo chake kilichofungwa kulikuwa na ujumbe mmoja kutoka kwa mtu aliyeandikwa Fundi Bernado: Pete ya maabara iko tayari. Njoo naye.

Ujumbe huo uliingia kama ufunguo kwenye maneno ya Chrispin, binamu wa marehemu na mwenzake wa karakana. Jumatatu hiyo hiyo, saa moja jioni, Chrispin alikuwa ameshawaeleza polisi kwamba Dorah alifika karakanani saa saba mchana, akamfokea Revocatus kwa sababu ya mwanamke wa maabara aliyenunuliwa pete. Majirani walimwona kweli Dorah akiingia Nyasho saa hiyo. Polisi wakauliza huku na huku, wakapata kwamba Revocatus alisoma na binti mmoja aitwaye Happyness, ambaye siku hizi anapima damu kwenye zahanati ya mtu binafsi Bunda. Hesabu ikakaa sawa.

Leo ilikuwa Alhamisi. Kesho Revocatus anazikwa kwao Butiama, na kesho hiyo hiyo Dorah anasomewa shitaka la kumuua.

"Nakupa leo tu, mama," Boniphace alikuwa amemwambia Selestina. "Mtu mwenyewe hata hakatai. Ukirudi mikono mitupu, faili linakwenda."

Kilichomkwaza Selestina kilikuwa neno moja. Alikuwa polisi kwa miaka ishirini na sita na alishawasikia wanaume wengi waliofumaniwa. Wengine huapa, wengine hupiga magoti, wengine huja juu wakidai ni wao waliokosewa. Hakuwahi kumsikia hata mmoja aliyesema itarekebishwa. Hilo ni neno la gereji.

Akakunja karatasi, akashuka kwenye gari.

Happyness alikuwa nyuma ya kidirisha cha maabara, koti jeupe limeshindwa kufunga vifungo vya tumboni. Mimba ya miezi minane haijifichi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu. Unamjua Revocatus wa Butiama?"

"Namjua. Tulisoma wote." Aliweka kichupa cha damu kwenye kishikio chake polepole. "Nimesikia tangu juzi. Nikakaa tu. Hata kulia sijalia, sijui kwa nini."

"Mwaka huu mlionana lini?"

"Mwezi wa pili, alikujaga kupima malaria. Nikamtoboa kidole, akapiga yowe. Mtu anayebeba injini ya mtumbwi begani! Wagonjwa wote kwenye benchi walicheka."

"Alikununulia pete."

"Mimi?" Happyness alivua glavu akanyoosha mikono. Vidole vilikuwa vimejaa, vinene, ngozi inang'aa. "Hata ya mume wangu iko kabatini tangu mwezi wa tano wa mimba. Afande, sisi watu wa maabara tunaletewaga vikopo vya mkojo. Pete hatujawahi kuletewa."

Mgonjwa mmoja kwenye benchi aliguna kicheko. Selestina hakucheka. Aliomba daftari la majibu, akapitisha kidole kwenye ukurasa wa Jumatatu. Mwandiko wa Happyness ulianza saa mbili asubuhi ukaisha saa kumi na robo, hakuna nafasi ya mtu kwenda Musoma na kurudi.

"Mtu akikuandikia pete ya maabara, wewe unaelewaje?"

"Pete ya mtu wa maabara. Si ndivyo?"

"Hata mimi naelewa hivyo. Dorah wa Nyasura je, anakujua?"

Happyness alifungua koti, akashika gauni lake la maua. "Nani amenishonea hili? Jumapili baada ya misa nilikwenda kulichukua. Akanipa soda, akaniongezea kitambaa hapa mbele, ati mtoto bado atakua. Afande, mtu anayetaka kukutoa macho anakupanulia gauni?"

Selestina aliandika: Jumapili, soda, kitambaa. Akashukuru, akatoka. Alipopiga namba ya Fundi Bernado, kama alivyoipiga asubuhi, mashine ilimjibu kwamba haipatikani.

Butiama msiba ulikuwa umekaa. Turubai lilifungwa kwenye miti miwili ya mparachichi, wanaume upande wa viti, wanawake upande wa mikeka. Selestina alivua viatu, akaketi karibu na mama wa marehemu, Tereza, aliyekuwa anachambua maharage kwenye ungo. Maharage yalikuwa safi kabisa, hayana jiwe wala ganda. Mama Tereza aliyachambua yote hadi mwisho, akayamwaga kwenye ndoo, akayachota tena akaanza upya. Hakuna aliyethubutu kumpokonya ungo.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa."

"Nina swali moja tu, halafu nakuacha. Revocatus alikuwa na rafiki anaitwa Fundi Bernado. Nataka kujua ni fundi wa injini wa wapi."

"Bernado gani? Yule mzee wa pale karibu na soko Musoma?" Mama Tereza hakuinua macho. "Huyo injini anaijulia wapi? Huyo sonara. Alimtengenezea baba yake Revo jino la dhahabu. Tukamzika nalo."

Mafundi kumi na wawili walikuwa kwenye daftari la namba za marehemu, wote wa injini, wa kuchomelea, wa nyavu. Hakuna aliyefikiri kwamba hata sonara anaitwa fundi.

Kivuli kilisimama juu ya mkeka. Chrispin, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shati jeusi, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Shangazi, wanakusumbua? Afande, yule mwanamke si ameshakiri? Mnatafuta nini tena?"

"Natafuta maneno, mwanangu. Wewe ndiye uliyeyasikia. Jumatatu saa saba Dorah alisemaje? Nipe neno kwa neno, usinipunguzie."

"Alisema, pete ya maabara, pete ya maabara, umemnunulia malaya wako wa maabara. Hivyo hivyo."

"Alitaja jina la huyo mwanamke?"

"Hakutaja."

"Na pete yenyewe wewe uliiona?"

"Ningeionea wapi? Revo mambo ya pete hakunishirikisha. Tangu ampate huyu mshonaji, mimi nikawa mtu wa kuambiwa tu. Hata kuhamisha karakana kwenda Bunda niliambiwa, sikuulizwa." Alikoma, akakuna shingo. "Basi tu. Yameshapita."

"Karakana ilikuwa inahama?"

"Nimesema yameshapita, mama."

Selestina aliandika, akafunga daftari. Pale getini alikuwepo Koplo Makongoro wa Butiama, aliyepangwa kuangalia usalama wa msiba. Alimwomba namba yake, kwa desturi tu ya kazi, akapanda gari.

Duka la Mzee Bernado lilikuwa jembamba kama kabati, meza moja, taa moja, na mzee mmoja mwenye lenzi jichoni.

"Shikamoo, mzee. Simu yako mbona haipatikani?"

"Marahaba. Imeanguka kwenye maji ya asidi Jumanne, nimeipata leo kwa fundi. Karibu."

"Nimefuata pete ya maabara."

"Aa! Wewe ndiye shangazi wa bibi harusi?" Hakungoja jibu. Alivuta droo, akatoa kipakiti kidogo cha karatasi. "Mbona umetumwa wewe? Nilimwandikia kijana aje na mwenzake, ajaribu kabla sijaing'arisha. Nikaona kimya."

Mzee huyu hakuwa na habari. Selestina aliamua kumwacha hivyo kwa dakika chache. Alivuta stuli.

"Kwanza niambie, mzee wangu. Kwa nini mnaiita ya maabara?"

Mzee Bernado alitabasamu kwa upande wenye meno. "Kitendawili!"

Ilikuwa miaka mingi tangu mtu amtegee Selestina kitendawili. Mdomo ukajibu wenyewe. "Tega."

"Nina jiwe halijalala ardhini hata siku moja."

"Mvua ya mawe."

"Umejitahidi, lakini hilo linayeyuka. Nipe mji."

"Chukua Bunda. Nimetoka huko leo, nilikwenda bure."

"Nimekwenda Bunda, nimekula sato wa Bunda mpaka mkia, wenyeji wamenipa mto nimelalia. Nimerudi. Jibu ni hili." Alimwekea lenzi mkononi na pete chini ya taa.

Ilikuwa pete nyembamba ya dhahabu, na juu yake vijiwe vitatu vimekaa mstari mmoja, vidogo kama mbegu za mchicha. Vilirusha mwanga kama macho ya paka.

"Almasi," Selestina alisema.

"Almasi kamili. Ila haikuchimbwa. Wataalamu wanachukua kipande kidogo cha almasi kama mbegu, wanakifungia kwenye mtambo wenye joto kali, kinakua wiki kwa wiki mpaka kinakuwa jiwe. Inakuzwa maabara. Mimi naagiza na karatasi yake. Ile ya kuchimbwa na hii, ukipitisha kalamu ya kupimia, zinalia sawasawa. Hata mimi na lenzi yangu sizitofautishi."

Selestina aliweka lenzi chini. Ndani ya kichwa chake ujumbe ulijipanga upya, herufi zile zile. Pete ya maabara. Halikuwa jina la mwenye pete. Lilikuwa jina la jiwe.

"Nani alichagua hii?"

"Binti. Na walibishana hapo hapo ulipokaa." Mzee alifurahia kukumbuka. "Kijana alitaka ya kuchimbwa. Anasema, Dorah, watu watatucheka, watasema nimekuoa kwa jiwe la kupikwa. Mimi nikaziweka zote mbili kwenye kitambaa cheusi, nikasema chagueni bila kuambiwa. Kijana anazigeuza, anazigeuza, jasho linamtoka. Binti hakuzigusa. Ananiuliza, babu, ipi haijachimbwa?"

"Kwa nini?"

"Ndiyo nilimuuliza. Akasema, baba yangu alishuka kwenye shimo la dhahabu nikiwa darasa la tatu, likamfunika, mpaka leo yumo humo humo. Sivai jiwe ambalo mtu aliingia shimoni kulitafuta. Kijana akaacha kubishana. Nikamwambia binti, sasa na dhahabu je? Nayo inachimbwa. Akafungua pindo la kanga, akatoa hereni za marehemu mama yake. Akasema, hii ilishatoka zamani, yeyusha hii."

"Na ilimtosha?"

"Jumamosi alikuja kujaribu. Ikakwama kwenye kifundo, fundi cherehani ana vidole vya kazi. Namuuliza inauma? Akasema kidogo. Kijana akamshika mkono akamwambia, usijali, itarekebishwa. Nikaipanua."

Selestina alitoa karatasi ya maelezo kwenye mkoba, akaisoma tena kwa mara ya sita. Ilikuuma? Kidogo. Akasema itarekebishwa. Kila jibu lilikuwa kweli tupu. Swali ndilo lililokuwa la pete nyingine.

"Naomba daftari lako la kazi. Na hiyo simu."

Daftarini hapakuwa na jina la mtu. Kila mstari ulianza na pete yenyewe: ya kioo, ya kawaida, ya rubi, ya maabara.

"Majina siandikagi," mzee alisema. "Mji mdogo huu. Mtu ananunua kwa siri, mke anakuja kupekua daftari, mimi navunja nyumba za watu. Naandika jiwe."

Simuni ujumbe ulikuwepo, na saa yake pembeni. Jumatatu, saa kumi na nusu jioni.

"Kabla ya ujumbe huu, ulikuwa umeshalitamka neno maabara kwa nani?"

"Kwa wao wawili. Na sasa wewe."

"Una uhakika?"

"Mama, Musoma nzima hakuna mwingine aliyewahi kuniagiza jiwe hili. Ningemwambia nani?"

Selestina aliandika saa ile, akaizungushia duara. Polisi walikuwa wamenakili maneno ya ujumbe bila saa yake. Revocatus alikutwa amekufa saa kumi. Ujumbe uliingia nusu saa baadaye, kwenye simu ambayo marehemu hakuwa nayo. Kuanzia hapo watu wa kulijua neno lile walikuwa wa aina mbili tu. Dorah, aliyekaa kwenye stuli hii akachagua jiwe kwa mdomo wake, asingeweza kumwonea wivu mwanamke ambaye hayupo. Na mtu mwingine, aliyeishika simu ile saa kumi na nusu jioni au baada yake, akausoma ujumbe juu ya kioo, na kwa kuwa hakushirikishwa mambo ya pete, akauelewa kama Happyness alivyouelewa, kama Boniphace, kama yeye Selestina. Mtu huyo akaona amepewa sababu ya bure. Akaitupa simu kwenye matete, na saa moja jioni akaenda kuwasimulia polisi.

"Mzee wangu," alisema. "Mimi si shangazi. Mimi ni polisi. Kijana amefariki Jumatatu."

Mzee Bernado alitazama pete. Aliirudisha kwenye kipakiti, akakunja karatasi mara moja, mara mbili, akaifungua akaikunja tena vizuri zaidi.

"Sasa daftarini niandike nini?" aliuliza.



Dorah aliletwa ofisini akiwa pekupeku. Alikaa alipoambiwa akae, mikono mapajani, viganja juu, kama mtu aliyeviweka chini akasahau kuvichukua. Boniphace alisimama mlangoni na faili kwapani.

"Siku nne yuko hivi," alisema. "Ukimuuliza anajibu, usipomuuliza haongei. Chakula mpaka aambiwe meza."

Selestina alisogeza kiti, wakakaa magoti yanagusana.

"Dorah, mwanangu. Sitakuuliza kama unaijua pete. Nieleze jinsi mlivyoichagua."

Dorah akaanza, sauti moja isiyopanda wala kushuka, kama anasoma ubao wa darasani. Kitambaa cheusi. Mawe mawili. Babu na kalamu inayolia. Revo na jasho lake. Shimo la baba. Hereni za mama. Kifundo. Boniphace aliacha kuegemea mlango.

"Ilikuuma?" Selestina aliuliza.

"Hapa." Aligusa kifundo cha kidole. "Revo akasema itarekebishwa."

"Jumatatu ulikwenda Nyasho kufanya nini?"

"Kumjaribisha suruali ya harusi. Ilikuwa ndefu. Nikaweka pini, nikarudi na gari la saa nane."

"Hukumfokea juu ya mwanamke wa maabara?"

Dorah aliinua uso kidogo. "Mwanamke gani?"

"Kwa nini siku zote hizi hukusema kwamba pete ni yako?" Boniphace aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Hamkuuliza ni ya nani. Mliuliza kama naijua."

Inspekta alikuja mezani, akaweka faili, akalitazama lile neno lake jekundu. Alivuta kiti akakaa. Selestina alimwandikia mbele nyakati mbili, mmoja chini ya mwingine: saa kumi, mwili; saa kumi na nusu, ujumbe. Kisha karatasi ya Chrispin yenye saa saba mchana. Boniphace alizisoma akihesabu kwa midomo.

"Kama Dorah hakulisema saa saba, Chrispin neno alilipata wapi?" akauliza, kisha akajijibu mwenyewe kwa kufuta uso kwa kiganja. "Mpigie Makongoro."

Selestina alipiga, akaweka simu mezani sauti ikiwa juu. Ilikuwa inaelekea saa kumi na moja. Makongoro alipokea, na nyuma yake kulikuwa na vishindo, kimoja baada ya kingine, vizito.

"Koplo, Chrispin yuko wapi?"

"Huyu hapa, afande, mbele yangu. Yuko kaburini, anachimba na wenzake. Wamefika kifuani."

Vishindo viliendelea pale mezani, chuma na udongo, chuma na udongo. Dorah alikuwa ameigeukia simu. Viganja vyake vilifumba.

"Anayemchimbia Revo ni Chrispin?" aliuliza.

"Ndiye," Selestina alisema.

"Mtoeni humo."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nne aseme neno ambalo hakuulizwa. Selestina alimtazama Boniphace. Inspekta aliinama juu ya simu.

"Makongoro. Mtoe shimoni. Umweke kando, asiondoke, tunakuja." Akamtazama Dorah miguu yake mitupu. "Na umwambie mama wa marehemu kwamba mkwe wake tunakuja naye. Atazika."

Walisikia hatua za Makongoro, sauti yake ikiita jina, kisha wanaume wakiulizana kuna nini. Majembe yakaanza kunyamaza, moja, halafu jingine. La mwisho liligonga mara mbili zaidi peke yake, kisha nalo likanyamaza.